KOMPYUTA MOJA, NENO MOJA LA SIRI: LAWAMA NI YA NANI?

Ndugu wafanya kazi,

Kuna tangazo limebandikwa mlangoni pa ofisi ya zamu katika dipo moja ya reli ninayoijua. Nimelisoma mara tatu nisije nikawasingizia watu. Lasema ya kwamba tangu siku hiyo kompyuta ya zamu imefungwa: hakuna kuingiza flashi, hakuna kuchapa karatasi, hakuna kufungua kitu chochote ila programu ya kazi, na kadi ya kazi ikisha kuwekwa ndani haina ruhusa kusahihishwa na mtu ye yote isipokuwa msimamizi. Kisha mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, lasema kwamba jina la kuingilia na neno la siri yatabaki yale yale kwa watu wote wa zamu zote tatu.

Someni tena mstari huo wa mwisho. Hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Maana mimi sipingi kufuli. Mtu wa reli atapingaje kufuli? Sisi twaishi kwa kufuli. Katika kabini ya signali ya namna ya zamani leva za signali na leva za pointi zimefungamanishwa kwa vyuma chini ya sakafu, hata ikiwa pointi zimeelekea njia ya pembeni huwezi kuivuta signali ya njia kuu, ijapokuwa utatumia nguvu zako zote. Bwana John Saxby aliandikisha mtambo wa namna hiyo kule Uingereza mwaka 1856. Na baada ya ajali ya Armagh kule Ireland, tarehe 12 Juni 1889, ambapo watu wapatao 80 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa katika safari ya shule ya Jumapili, Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka ule ule kuzilazimisha kampuni za reli ziwe na mitambo hiyo, pamoja na breki zinazoshika treni nzima. Kufuli hizo zililipiwa kwa damu. Nami sijamsikia mtu wa signali akilia kwamba leva zamnyima uhuru. Ajua zamlinda yeye, zamlinda dereva, zamlinda na abiria aliyelala.

Tena kuna neno moja ambalo wakubwa hawalikumbuki. Kufuli ile haimfungi mdogo ikamwacha mkubwa. Stesheni masta akija mwenyewe na kofia yake, leva zamkatalia vile vile.

Na kando ya leva kuna kitabu. Kila treni huandikwa humo, saa iliyoombewa njia, saa iliyokubaliwa, saa iliyopita. Zamu zikibadilishana, anayetoka hutia sahihi na saa, na anayeingia hutia sahihi yake na saa. Ukikosea kuandika, hufuti kwa raba wala huchani ukurasa; wapiga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, waandika lililo sawa, watia sahihi. Kwa njia hii mtu aweza kuja baada ya miezi mingi akajua ni nani aliyekuwa kitini saa fulani, alifanya nini, na alikosea wapi. Kitabu hicho ni shahidi, tena shahidi asiyependelea.

Sasa ilinganisheni na ile kompyuta. Kufuli imeletwa, kitabu hakikuletwa. Watu wa zamu tatu waingia kwa jina moja la dipo, na neno la siri limeandikwa kwa kalamu ya wino nyuma ya kibodi, kila afagiaye ofisi aweza kulisoma. Hakuna anayetoka wala anayeingia. Ni kama kabini ambayo watu wote wana sahihi moja.

Nitawaeleza yaliyotokea pale kabla ya tangazo, mkaone kwamba sisemi hewani. Usiku mmoja kadi ya kazi ilionyesha kwamba breki za behewa fulani zimekaguliwa na ziko sawa, na saa iliyoandikwa na kompyuta ilikuwa saa tisa na dakika ishirini za usiku. Asubuhi mkaguzi alipopita akakuta breki hizo hazikuguswa na mtu. Ni bahati kwamba alipita. Behewa lingekwenda hivyo hivyo likateremka Bonde la Ufa pamoja na mengine, na behewa lenye breki mbovu halisomi kompyuta kabla ya kukimbia.

Basi wakubwa wakafungua kompyuta waone ni nani aliyeijaza kadi ile. Jina lililotokea ni la dipo. Wakatazama orodha ya zamu, wakamchagua fundi mmoja, kwa sababu ati yeye ndiye aliyezoea kuingia ofisini kujaza kadi za wenzake. Na kweli alizoea, maana wale wazee wawili wa zamu yake hawaijui kompyuta vizuri naye huwasaidia. Wema wake ukageuka ushahidi. Akapewa barua ya kujieleza, akasimamishwa kazi. Siku 19 alikaa nyumbani akiwatazama watoto machoni.

Siku ya kusikilizwa mjumbe wetu wa Chama aliuliza maswali matatu tu. Ni nani aliyeingia saa hiyo? Aliingia kutoka kompyuta ipi? Na je, mtu aliye makao makuu aweza kuingia kwa jina hilo la dipo akiwa huko huko? Kwa swali la kwanza na la pili jibu lilikuwa kwamba mfumo hauonyeshi. Kwa la tatu yule bwana wa kompyuta alikaa kimya kwanza, halafu akasema ndiyo, aweza.

Kilichomwokoa ndugu yetu ni kitabu cha askari wa geti. Kitabu cha karatasi, kimechakaa, kina alama za chai. Humo kulikuwa na jina lake, kutoka kwenda yadi saa tisa kamili usiku na kurudi saa kumi na nusu, pamoja na sahihi yake na sahihi ya askari. Kitabu cha shilingi mia chache kiliishinda kompyuta. Akarudishwa kazini. Ni nani aliyeijaza kadi ile? Mpaka leo hakuna ajuaye. Huenda hata si mtu mbaya. Huenda ni mtu aliyebonyeza mstari usio wake kwa usingizi, kama mimi na wewe tulivyofanya mara nyingi.

Mngefikiri baada ya aibu hiyo wakubwa wangempa kila mtu jina lake la kuingilia. La. Walileta tangazo lile nililoanza nalo. Tulipouliza kwa nini, tuliambiwa kila jina katika mfumo lina ada ya leseni kila mwaka, na fedha hazipo. Kumbe jina la mfanya kazi lina bei, lakini lawama yake ni ya bure!

Na tazameni kufuli hiyo mpya inavyofanya kazi. Msimamizi hutoka saa kumi na moja jioni, hurudi saa moja asubuhi. Mtu akikosea kujaza kadi dakika kumi baada ya msimamizi kutoka, kosa hilo lakaa ndani ya mfumo karibu saa 14, na dereva anayekuja kuchukua injini usiku alisoma kama kweli. Aliyekosea alijua, alitaka kulisahihisha, kompyuta ikamkatalia. Afanye nini? Sasa watu waandika kwenye kikaratasi na kukibandika kwa gundi kwenye kioo cha injini. Hiyo ndiyo maendeleo yetu.

Tena kuna jambo la karatasi za mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 20, yasema mwajiri ampe mfanya kazi maelezo yaliyoandikwa ya mshahara wake na makato yake. Mahali pengi siku hizi karatasi hiyo yaonekana ndani ya kompyuta tu. Vema. Lakini ikiwa kompyuta ya pekee tuliyo nayo imekatazwa kuchapa, na flashi ni marufuku, basi mtu anayehitaji karatasi hiyo kwa mkopo wa Sacco au kwa karo ya mtoto aenda sokoni kwenye duka la intaneti, na pale afungua habari zake zote mbele ya kijana asiyemjua, alipa, na pengine asahau kufunga. Je, huo ndio usalama? Wale tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari za Farao, aliyewanyima watu majani na kudai hesabu ya matofali isipungue hata moja.

Lakini tusidanganyane. Wakubwa nao wana maneno yao na si yote ya uongo. Wasema wafanya kazi walikuwa wakitazama mpira katika kompyuta ya kazi. Ni kweli, nami niliwaona. Na wengine walikuwa wakiweka dau za mechi za Ulaya saa nane za usiku huku simu ya kontroli ikilia. Mtu wa namna hiyo Chama hakiwezi kumtetea, naye ajue hivyo. Wasema pia flashi yaweza kuleta virusi. Ni kweli, yaweza. Ila kutoka hapo waruka wasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na kwa hiyo mfanya kazi ndiye mlango wa adui, afungwe.

Hapo nawauliza wakumbuke tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo virusi vilivyoitwa WannaCry viliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, vikafunga mafaili na kudai fedha. Hospitali za Uingereza zilisimamisha kazi nyingi. Na wenzetu wa reli ya Ujerumani, Deutsche Bahn, walishangaa kuona mbao za stesheni zinazoonyesha saa za treni zimeandikwa madai ya fedha mbele ya abiria. Je, ni pointimani aliyeingiza flashi? Virusi vile vilitembea vyenyewe kutoka mashini hadi mashini kwa kupitia tundu katika Windows, na kampuni ya Microsoft ilikwisha kutoa dawa ya tundu hilo mwezi wa Machi, miezi miwili mbele. Ni nani mwenye ruhusa ya kutia dawa hiyo katika kompyuta ya kazi? Si fundi. Fundi haruhusiwi hata kubadili saa. Ni mwenye funguo. Basi ikiwa funguo ni zake, na kuchelewa nako kuwe kwake.

Hata mabingwa wenyewe wa kufuli hawasemi wanavyosema wakubwa wetu. Mwaka 1975 Wamarekani wawili, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kanuni za kulinda habari ndani ya kompyuta zinazotumiwa na watu wengi. Moja ya kanuni hizo ndiyo inayopendwa sana maofisini: kila mtu apewe uwezo unaomtosha kwa kazi yake tu na usizidi. Nami nakubali. Lakini katika orodha ile ile waliandika pia kwamba kinga iwe rahisi kwa mtumiaji, ili watu waifuate kila siku bila kutafuta njia ya kuikwepa. Kile kikaratasi kwenye kioo cha injini ni njia ya kukwepa. Wakubwa walisoma nusu ya ukurasa.

Sasa natoka kwetu nakwenda mbali kidogo, kwa sababu kuna wafanya kazi waliokwisha kuliwa na jambo hili, na wametuachia funzo kwa gharama kubwa. Posta ya Uingereza tangu 1999 ilitia katika matawi yake mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Wasimamizi wa posta ndogo za vijijini na mitaani waliona kompyuta ikionyesha upungufu wa fedha ambao hawakuujua. Mkataba wao uliwataka walipe. Wengine waliuza nyumba. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu katika miaka mpaka 2015, wengine wakafungwa gerezani, wengine wakajiua. Na walipopiga simu kuuliza, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye shida hiyo katika nchi nzima.

Miaka mingi Posta ilikana kwamba mtu wa Fujitsu aweza kuingia kutoka mbali katika hesabu za tawi akazibadili bila mwenye tawi kujua. Alan Bates na wenzake, watu 555, walikwenda mahakamani, na hukumu ya Desemba 2019 ilisema wazi kwamba mfumo ulikuwa na makosa ya kuweza kuleta upungufu huo, na kwamba kuingia kutoka mbali kuliwezekana. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria kufuta hukumu zile kwa mamia. Lakini aliyekwisha kufa hafutiwi kitu.

Mnaona mfano? Mwenye tawi alifungiwa. Hakuweza kuona kilichofanywa ndani ya hesabu zake wala kutafuta chanzo chake. Mwenye funguo aliingia na kutoka. Na siku ya lawama kompyuta ilikuwa shahidi, na mwenye kompyuta ndiye aliyeshitaki, maana Posta ile ilikuwa ikiwashitaki watu yenyewe.

Kuna na jambo moja linalotuhusu sisi wa vyama hasa, nami sitalipita. Wale wenye matawi walikuwa na shirikisho lao. Katika hukumu ya Machi 2019 jaji alisema shirikisho hilo halikuwa huru, kwa kuwa lilikula fedha za Posta. Ndiyo maana watu wale walibaki kila mtu peke yake na barua yake. Maofisa wetu wa Chama wanaokaribishwa semina za mifumo mipya katika hoteli za pwani na waajiri, wakarudi na mikoba mipya, na wasome habari hiyo kabla ya safari ijayo. Simtaji mtu.

Wengine wataniambia, "Bwana wee, hayo ni mambo ya Wazungu na kompyuta zao." Lakini jambo la kuandikiwa habari zako na mwajiri usiweze kuzisahihisha si geni kwetu. Babu zetu walilivaa shingoni. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwajiri aliandika humo siku ya kuajiri, mshahara, na siku ya kumwachilia. Asipotia sahihi, mtu hakuweza kuandikwa kazi kwingine na aliweza kukamatwa kama mtoro. Mwenye kukivaa hakuruhusiwa kuandika humo hata herufi moja. Nayo kadi ya kompyuta isiyosahihishwa ni ndugu yake kipande, tofauti ni kwamba hii haina uzito shingoni.

Ila leo tuna sheria ambazo babu zetu hawakuwa nazo, na ni ujinga wetu kuziacha zilale. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yampa mtu haki ya kuambiwa habari zake zatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuziona, na haki ya kusahihishiwa zilizo za uongo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chasema kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, tena mbele ya mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe. Na kifungu cha 43 chamtaka mwajiri athibitishe sababu ya kumfukuza. Jina la dipo si uthibitisho wa mtu.

Upande wa pili nawaonya na ninyi. Ipo Sheria ya 2018 juu ya makosa ya kompyuta. Anayevunja kinga ya kompyuta na kuingia hali ajua hana ruhusa aweza kutozwa faini mpaka shilingi milioni tano au kifungo mpaka miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa hiyo yule kijana wetu hodari anayejua kuizunguka ile kufuli ili achape karatasi za mshahara za wenzake, nia yake ni njema, lakini aache leo. Asiwape fimbo. Jambo hili tulidai mezani, tusiliibe usiku.

Tukae mezani basi, katika mapatano ya pamoja, si kwa barua za kuombaomba. Twataka kila mfanya kazi awe na jina lake na neno lake la siri, na wale wazee wafundishwe kompyuta saa za kazi, kwa mshahara. Twataka kosa lisahihishwe na aliyelifanya kwa namna ya kitabu cha treni, la kwanza libaki likisomeka na la pili liwe na jina na saa. Usiku awepo mtu mwenye ruhusa, asiwe amelala nyumbani na simu imezimwa. Mwenye funguo naye akiingia kutoka makao makuu, jina lake na saa yake viandikwe mahali ambapo mjumbe wa Chama aweza kuviona. Flashi wafunge, sina neno. Mpira wafunge, sina neno. Lakini printa moja ya karatasi za mshahara ifunguliwe. Na ada ya leseni ni gharama ya mwajiri kama vile koti la mvua na taa ya mkono.

Mpaka hayo yapatikane, kila zamu inunue kitabu cha mistari. Andikeni jina la kila anayekaa mbele ya kompyuta, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi mbili. Ukikosea kadi na kompyuta ikakukatalia, andika humo, na mwenzako ashuhudie. Zamu ya usiku katika dipo ile imekwisha kuanza wiki mbili sasa. Msimamizi alikiona kitabu juu ya meza, akauliza ni cha nani, akajibiwa ni cha zamu. Alikifungua, akakisoma kurasa mbili, akakirudisha mahali pake.

Wenu katika Chama,

Fundi wa Zamu ya Usiku